Mkaguzi kasimamisha zege, na mama anasubiri chumba cha chini

SWALI

Assalaam alaykum Bibi, na shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nakaa Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, katika nyumba aliyotuachia marehemu babu. Ni nyumba ya ghorofa mbili, ya mawe na chokaa kama zilivyo nyingi za mtaa huu. Mama yangu ana miaka 78. Mwaka jana aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo amekuwa mtu wa juu tu. Ngazi zetu unazijua zilivyo, nyembamba na zimesimama kama ukuta, unapanda huku umeshika kamba. Akiwa na siku ya hospitali, vijana wanne wa mtaani wanamteremsha kwenye kiti. Kwenye baraza ya mlangoni, alikokaa jioni zote za maisha yake, hajakaa tena.

Mimi na ndugu zangu, mmoja yuko Oman na mwengine Dar es Salaam, tukakubaliana tumtengenezee chumba cha chini. Kilikuwa stoo, babu alikuwa akiweka magunia ya karafuu humo. Sakafu yake ilikuwa ya chokaa ya zamani, imechimbika katikati, na lipu ya ukutani imemomonyoka mpaka usawa wa kiuno. Tulitaka sakafu mpya, marumaru, na msala mdogo, yaani choo na pa kuogea, pembeni ili mama asihangaike usiku.

Kibali tulichukua. Lakini nakiri kwamba kibali chetu kinataja lipu, kubadilisha boriti tatu za dari, na rangi. Sakafu haimo. Fundi alituambia sakafu ni kazi ya ndani, hakuna anayeiuliza.

Akavunja sakafu yote kwa siku mbili, akachimba futi moja na zaidi mpaka ukutani, akasema atajaza kifusi, atandike nailoni, kisha zege la inchi nne na marumaru juu. Jumanne mkaguzi wa majengo akaja kuangalia boriti. Ni kijana mpole, ananiita mwalimu. Alipopita mlango wa stoo akasimama. Akaniuliza kama nina rula. Nikampa ile ya sentimita 30 ninayosahihishia daftari. Akashuka shimoni, akapiga magoti pembeni, akaiingiza rula chini ya jiwe la mwisho la ukuta. Ikaingia mpaka kwenye 14. Hakusema kitu. Alipanda, akajipangusa magoti, akaandika karatasi kwamba kazi ya sakafu isimame na zege lisimwagwe mpaka tukubaliane naye namna ya kuijenga.

Sasa fundi anasema huyo anataka ya chai tu. Kaka yangu wa Oman naye kapiga simu anasema mpe, umalize, hela ya fundi inakwenda bure. Mifuko 34 ya saruji imejaa ukumbini. Masika yako mlangoni. Na mama kila asubuhi ananiita kutoka juu, "Mwanangu, chumba changu kimefika wapi?"

Bibi, nataka kujua mambo mawili. Mkaguzi ana haki, au ananisumbua? Maana zege nijuavyo ndiyo imara kuliko chokaa. Na nikienda kwake nikaseme nini, wakati mimi lugha ya ujenzi siijui?

Mwalimu wa Kiponda

JIBU

Waalaykum salaam mwanangu, marahaba. Mungu amponye mama.

Kuna jambo la kufanya leo, kabla ya mazungumzo yoyote. Hiyo rula iliyoingia sentimita 14 maana yake ni kwamba kwenye ile pembe jiwe la chini kabisa la ukuta halijakalia kitu kwa upana huo. Udongo uliokuwa chini yake umechimbwa au umeporomokea shimoni. Mpigie mkaguzi leo umuulize maneno haya tu: "Pale kwenye pembe turudishe udongo sasa hivi, au tusubiri uje?" Akisema rudisheni, muulize vipi, na kazi hiyo ifanywe kwa mkono, udongo ushindiliwe kidogo kidogo kwa tabaka. Mashine ya kushindilia isiingie chumba hicho hata kidogo, ule mtikisiko hauutaki karibu na ukuta ulio wazi chini. Na kama mama analala chumba kilicho juu ya pembe hiyo, muhamishie upande wa pili wa nyumba mpaka pafungwe. Zuieni pia maji yasiingie shimoni. Mvua moja ya usiku ikilijaza, udongo uliobaki chini ya ukuta utageuka uji.

Ukishafanya hayo, rudi uendelee kusoma.

Mkaguzi ana haki. Nakwambia hivi bila kusitasita, na mimi si mtu wa kuzitetea ofisi. Baba yangu alikuwa fundi wa chokaa, nimekulia kwenye vumbi hilo, na jambo alilolirudia sana nyumbani ni kwamba nyumba ya mawe haina msingi kama mnavyoujua nyinyi. Ukuta wenyewe ni mnene, nusu mita na zaidi, mawe ya matumbawe yameungwa kwa chokaa na udongo mwekundu, na unashuka chini ya sakafu kidogo tu. Hakuna nondo, hakuna mkanda wa zege unaoufunga. Umesimama kwa uzito wake, na kwa udongo ulioubana huku na huku pale miguuni. Fundi akichimba futi moja kwa urefu wote wa ukuta kwa siku mbili, ameondoa kibano cha upande mmoja. Katika nyumba za aina yako mtu akilazimika kuchimba karibu na ukuta, anachimba kipande kifupi, anakijaza, anakiacha kishike, ndipo anahamia kipande kingine. Na kabla ya hapo anafungua shimo dogo la kupimia, nusu mita kwa nusu mita, aone ukuta umeishia wapi. Nina hakika fundi wako hakulifungua shimo hilo, maana angelifungua asingefika kwenye jiwe la mwisho.

Usisahau pia kwamba ukuta wa Kiponda mara nyingi si wako peke yako. Upande wa pili kuna jirani, na boriti zake zimeingia humo humo. Kamwambie mapema, asije akausoma ufa kabla hajakusikia wewe.

Wakaguzi wa Mji Mkongwe wana sababu ya kuwa wakali siku hizi. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini orodha hiyo siyo inayowakosesha usingizi. Sote tunaikumbuka tarehe 25 Desemba 2020, Beit el Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lilipoporomoka upande mmoja wakati likiwa kwenye matengenezo, na watu wakafa. Yako ni nyumba ya watu, yale yalikuwa mambo mengine na makubwa zaidi. Ila kijana yule anapoingia stoo akaona ukuta unaning'inia pembeni, hawezi kukwambia "endelea tu, mwalimu".

Sasa nije kwenye zege, maana umesema nijuavyo zege ndiyo imara, na hapa ndipo watu wengi wa mjini tunapojiharibia nyumba wenyewe.

Imara ni imara. Lakini hebu kumbuka ile lipu uliyosema imemomonyoka mpaka kiunoni. Hayo ni maji yanayopanda kutoka ardhini ndani ya ukuta, kama utambi wa taa unavyonyonya mafuta. Jiwe la matumbawe lina vitundu, chokaa ina vitundu, maji yanapanda mpaka pale yanapopata pa kutokea, yanakauka kwa hewa, na chumvi iliyomo inabaki. Chumvi ile inapokauka inajikusanya na kuvimba ndani ya lipu, ndiyo inayoisukuma ikaanguka. Sakafu ya zamani ya chokaa ilikuwa inapumua. Sehemu ya unyevu wa ardhini ilikuwa inatokea sakafuni, kidogo kidogo, mchana kutwa, hata huoni. Ukitandika nailoni chumba kizima na kumwaga zege juu yake, ule unyevu haukufa. Umeufungia mlango mmoja, na mlango uliobaki ni ukuta.

Hili silisemi kwa kusoma. Tulilifanya sisi wenyewe Mkunazini, katika nyumba ya marehemu mume wangu. Nailoni, zege la inchi nne, marumaru nyeupe, watu walikuja kuangalia kwa kuipenda. Masika ya kwanza yakapita salama. Masika ya pili, nyuma ya kabati langu la nguo, lipu ikaanza kutoa mavimbe madogo kama malengelenge. Nikaligusa moja kwa kidole, likapasuka, ikatoka chumvi nyeupe laini kama unga wa sukari ikanimwagikia mkononi. Ndani ya kabati, doti zangu za kanga za harusi zilikuwa zimeota ukungu kwenye mikunjo yote. Fundi akatushauri tubandue lipu ya chokaa tupige ya saruji, ndiyo ngumu. Tukapiga. Unyevu ukapanda mpaka juu ya saruji ile, usawa wa bega, ukatokea hapo. Tulikuja kuvunja vyote, sakafu na lipu, na baba yangu alikuwa ameshafariki, hakuona aliyokuwa akiyasema.

Fundi wako simwiti mjinga. Kama amejifunzia kazi nje ya mji, Fuoni au Kwarara, kwenye nyumba za matofali ya saruji, basi alichokupangia ni sahihi kwa kule, kifusi, nailoni, zege, basi. Tofali la kule lina mkanda wa kuzuia unyevu chini yake, na nailoni ya sakafu inaungana na mkanda ule. Ukuta wako hauna mkanda, na hakuna namna ya kuutia kwa kumwaga sakafu.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, chumba cha mama kisakifiwe kwa chokaa. Neno lenyewe, kusakifu, wazee wetu walilitumia kwa kazi hii hii. Chokaa ilowekwe vizuri, mchanga usiwe wa pwani maana una chumvi, kokoto, na mafundi wanaoijua kazi huongeza unga wa tofali la kuchoma ili ishike upesi kidogo. Zamani ikimwagwa watu walijipanga kuipiga kwa vipande vya mbao, wanaimba, wanapiga kwa mwendo mmoja, siku kadhaa, mpaka inakuwa ngumu na laini juu. Leo huhitaji kwaya, unahitaji fundi mmoja mwenye subira na vijana wawili. Ila ujue chokaa ni ya polepole. Zege la saruji unalimwagilia wiki moja na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa, na hewa ya masika ni nzito. Itachukua wiki nyingi zaidi, na wakati wote huo isikaushwe kwa jua kali wala isilowe. Mama asubiri kidogo, lakini asilale juu ya unyevu.

Msala ni kesi nyingine. Pale maji yanamwagika kila siku, na sakafu ya chokaa haitaki maji ya kila siku. Hapo zege la saruji linakubalika, dogo, kwenye eneo lake peke yake, lisibanwe moja kwa moja na ukuta wa mawe bali liachiwe nafasi pembeni. Muulize mkaguzi nafasi hiyo aitake upana gani na ijazwe kwa nini, wengine hujaza kokoto kavu, wengine chokaa.

Marumaru za kung'aa zisahau. Zinaziba sakafu kama nailoni, na kwa mtu aliyekwisha kuvunjika nyonga, marumaru yenye maji ni adui. Msalani weka zile za kukwaruza. Chumbani chokaa iliyosuguliwa na mkeka juu yake inatosha, na mkeka unapumua.

Nije kwenye kimo, jambo ambalo sioni kama kuna mtu amelipigia hesabu. Kifusi sentimita 15, zege 10, lipu ya sakafu 4, marumaru na gundi yake moja na nusu. Jumla ni sentimita 30 na nusu, ndiyo maana fundi akachimba futi moja, ili sakafu irudi pale ilipokuwa. Lakini ardhi iliyokuwa chini ya sakafu ya babu imeshindiliwa na magunia ya karafuu na miguu ya watu kwa miaka mingi. Ilikuwa kitanda kizuri kuliko kifusi chochote cha gari. Aliing'oa, na sasa anataka ununue kifusi cha kuweka mahali pake. Kwa hiyo vile vipande vya sakafu ya zamani na udongo uliotoka, kama havijachukuliwa, visiondoke. Vichekechwe, virudishwe, vishindiliwe kwa mkono kwa tabaka za sentimita 10 hivi. Juu yake sentimita 10 za zege la chokaa na tatu za kumalizia. Ukipanga hivyo hulazimiki tena kwenda karibu na mguu wa ukuta, na sakafu unaweza kuiinua sentimita tano juu ya ile ya zamani.

Sentimita tano tu, usizidishe. Najua mtu akishapata nafasi hutaka kuinua sana ili maji ya uchochoroni yasiingie masika. Simama mlangoni upime. Kizingiti kiko wapi, na kichwa cha mlango kiko wapi? Milango ya stoo zetu ni mifupi, ukiinua sakafu futi nzima mama atapita amejiinamisha na mkongojo mkononi. Maji ya uchochoro yazuiliwe pale pale kwenye kizingiti na kwa mfereji wa nje.

Bomba la msala litaamua kimo cha upande ule. Bomba la inchi nne linataka kushuka sentimita mbili na nusu kwa kila mita. Kama kutoka msalani mpaka kwenye chemba ya nje ni mita nne, mwisho wa bomba uko sentimita 10 chini ya mwanzo wake. Pima hiyo kwanza. Na bomba litatoboa ukuta wa nusu mita, kwa hiyo muulize mkaguzi atobolee wapi, na lisipite kwenye ile pembe ya rula. Bomba likishalazwa lijazwe maji, mdomo wa chini umezibwa, likae, na yeye alione halishuki kabla halijafunikwa. Bomba linalovuja chini ya sakafu ya chokaa ni balaa la kimya, utakuja kuliona ukutani.

Sasa, ukaseme nini kwake.

Usiende kubishana kama zege ni bora au chokaa. Nenda na karatasi. Wewe ni mwalimu, unayo daftari ya miraba. Chora chumba kama keki iliyokatwa kati, uonekane unene wa ukuta, mwisho wake wa chini ulipo, udongo, tabaka zinazorudishwa, zege la chokaa, umaliziaji, na mlango na kizingiti chake. Kila kitu andika sentimita zake. Chora na msala na bomba. Haina haja iwe ya mhandisi, inatakiwa iwe ya kweli. Piga picha za shimo kila pembe, na futi kamba ikiwa wazi ndani ya picha ili namba zisomeke. Ile pembe ipige na rula yako iliyoingia chini ya jiwe, hiyo hiyo. Chukua na kibali cha zamani.

Ukifika mwambie, kwa sauti yako ya kawaida, kitu kama hiki: "Mwanangu, kwenye kibali sikuandika sakafu, nimekosea. Nataka tukubaliane kabla sijafunika kitu. Hiki ndicho ninachokifikiria, nisahihishe." Huko kukiri kosa kutakufungulia mlango, maana yeye amesimama kwenye karatasi inayosema lipu, boriti na rangi, na kuchimba sakafu ni kazi nyingine kabisa. Akikwambia uombe nyongeza ya kibali, iombe siku hiyo hiyo, usiache mpaka wiki ijayo.

Halafu muulize anataka kuona hatua zipi kabla hazijafunikwa. Mimi ningetaraji tatu: mguu wa ukuta kabla ya kurudisha udongo, bomba likiwa na maji, na tabaka la mwisho lililoshindiliwa kabla ya kumwaga. Yeye anaweza kutaka mbili au nne. Zaidi ya yote muulize anataka aambiwe siku ngapi kabla. Migogoro mingi ninayoisikia inatoka hapo. Fundi anampigia mkaguzi asubuhi, zege linamwagwa mchana, mkaguzi hakuweza kufika, na jioni kila mtu ana hasira. Mkikubaliana, andika mliyokubaliana chini ya mchoro wako, tarehe, yeye atie saini na wewe utie. Toa nakala. Moja ya kwake, moja ya fundi, moja yako.

Huenda akakwambia mambo tofauti na yangu. Huenda akataka mhandisi auone ukuta, au akaona pembe ile inahitaji kujengewa mawe chini yake badala ya udongo. Mfuate. Yeye ameshuka shimoni, mimi niko na barua yako tu.

Kuhusu chai. Mtu aliyekuja kutafuta chai asingepiga magoti kwenye shimo la udongo na rula ya mwalimu, angekuita pembeni. Huyu ameandika karatasi, na karatasi inabaki ofisini. Hebu nikuulize, ukimpa hela akaikubali, ile pembe itakuwa imejaa? Kaka yako yuko mbali na anaona hela tu zinavyokwenda, usimlaumu. Mtumie picha ya rula. Mwambie, "Kaka, juu ya jiwe hili analala mama." Nadhani hatasema tena umpe.

Saruji yako isikuharakishe. Nimeona watu wamemwaga sakafu mbovu kwa sababu mifuko ilikuwa inawatazama. Iinue juu ya mbao isiguse sakafu wala ukuta, ifunike nailoni, ile ile ambayo hutaitandika chini. Ikikaa kavu haitaharibika kwa wiki chache. Mifuko michache utaitumia msalani. Iliyobaki muulize mwenye duka kama atairudisha hata kwa kukatwa kidogo, au muuzie mtu anayejenga.

Fundi naye msemeshe kwa heshima lakini waziwazi. Muulize kama amewahi kusakifu kwa chokaa, na kama amewahi, nenda ukaione hiyo kazi, uiguse ukuta wake karibu na sakafu. Kama hajawahi, mlipe alichofanya, abaki na boriti na lipu, na sakafu itafutiwe mtu mwengine. Wazee wa chokaa wamepungua, lakini mkaguzi anawajua waliobaki, muulize. Kuanzia sasa malipo yawe kwa hatua, na hatua haijalipwa mpaka aliyetakiwa kuiona ameiona.

Na mama mjibu ukweli anapokuita. Mwambie chumba kimesimama kwa sababu kilikuwa kinachimbwa vibaya, na kwamba sasa kinatengenezwa kama alivyokitengeneza babu. Ameishi katika nyumba hiyo miaka mingi kuliko sisi wote tunaoizungumza, na huenda anakumbuka sakafu ile ilipigwa lini na nani. Muulize, uandike, uende nayo kwa mkaguzi pamoja na mchoro.

Nisalimie mama. Ukishajua siku anayokuja kuuona mguu wa ukuta, niandikie nijue alisemaje kuhusu pembe.